Picha ya Ukuta wa Uani

Kila siku saa kumi na moja jioni, geti letu hulia mara mbili. Mara ya kwanza ni Baba akilisukuma kwa bega, mara ya pili ni ngazi yake ikiligonga. Baba ni fundi wa kupaka rangi nyumba, na ukitaka kujua ametoka kufanya nini, mtazame kichwani. Nywele zikiwa na madoadoa meupe, ametoka kupaka dari. Nywele zikiwa safi na magoti ya suruali yakiwa machafu, ametoka kupaka sehemu za chini, zile ambazo Mama husema hakuna mgeni anayeziangalia ila Baba mwenyewe.

Akishaegemeza ngazi, huenda kwenye bomba la uani akanawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni. Halafu hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kushusha pumzi. Hapo ndipo zamu yangu ilipokuwa ikianza. Nilikuwa natoka na daftari langu la kuchorea, nampa, naye analishika pembeni kwa vidole viwili tu asije akalichafua.

"Nzuri, mwanangu," anasema. "Nzuri sana."

Maneno yalikuwa hayo hayo kila siku. Nikimchorea kiatu, nzuri sana. Nikimchorea jirani anapiga mswaki, nzuri sana. Sikuyachoka hata siku moja.

Nyumbani hakuna aliyeniita jina langu. Niliitwa Msanii. Jina hilo nilipewa nikiwa na miaka mitano, nilipomchora kuku kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule. Mama alifoka, Baba akaja na brashi kumfuta. Akasimama, akamtazama kuku, kuku akamtazama. Mwishowe Baba alipaka rangi ukuta mzima, ila alimzunguka yule kuku akamwacha. Yupo mpaka leo nyuma ya mlango. Kwa hiyo mambo ya kuchora katika nyumba ile yalikuwa yangu, na kila mtu alijua.

Sasa sikia yaliyotokea. Nilipofika miaka kumi na miwili, Baba alipata kazi ya kupaka rangi ukumbi wa maktaba. Kando ya ukumbi kulikuwa na chumba ambamo kila Jumamosi watu wazima walijifunza kuchora kwa rangi za maji. Si ile rangi ya ndoo anayopaka ukutani. Hizi ni rangi kavu zilizopangwa kwenye kiboksi kidogo, na unazilainisha kwa brashi yenye maji. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya kuchora ramani kwa miaka thelathini, ndiyo maana watu walimwita Mama Ramani. Baba alikuwa juu ya ngazi, mlango wa chumba kile uko wazi, shingo ikawa haitulii.

"Fundi," Mama Ramani akamwambia siku ya pili, "utaanguka bure. Shuka uje ukae."

Akashuka, akakaa. Jioni alirudi na kiboksi cha rangi, brashi tatu na karatasi nzito zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Umri huo?" Mama aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani. Mama hushona sare za shule, na maneno yake hutoka kwa mwendo wa sindano. "Wenzako wanajifunza kupumzika."

"Ndiyo nimeanza kupumzika hivyo," Baba akajibu.

Alitandika karatasi mezani hapohapo. Nilisimama kando yake nikitabasamu, maana mwanafunzi alikuwa amekuja kwenye eneo langu. Baba akafungua kopo la praima, yaani ile rangi nyeupe nzito ambayo mafundi hupaka ukutani kwanza ili rangi ya pili ishike vizuri. Akaipaka karatasi nzima, kona kwa kona, bila kuacha hata nafasi ya kucha.

"Baba, unafanya nini?"

"Huwezi kupaka rangi kitu ambacho hakijapigwa praima. Itababuka."

Ilipokauka, alichovya brashi kwenye rangi ya bluu akapaka anga. Maji yakagoma kushika. Yalijikusanya matone matone, yakateremka hadi ukingoni, yakadondoka. Baada ya muda mfupi anga lote lilikuwa kwenye goti la Baba. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mama naye aliacha cherehani akacheka. Baba akatutazama, akatazama goti lake, naye akacheka kuliko sisi.

Siku zile nilikuwa mtoto mwema kabisa. Nilimwonyesha namna ya kushika penseli, nikamwita mwanafunzi wangu, nikamsifu alipochora kikombe kilichofanana na kofia. Ni rahisi sana kuwa mwema kwa mtu asiyekushinda.

Tatizo ni kwamba alianza kujua.

Mimi nilikuwa na haraka. Nikijaribu rangi zake, naweka nyekundu, kabla haijakauka naweka kijani, vyote vinageuka tope. Baba, kwa upande wake, maisha yake yote amekuwa akisubiri kuta zikauke. Alikuwa anapaka rangi moja, anaweka brashi chini, anakunja mikono na kutulia.

"Iking'aa, bado mbichi," alinieleza. "Ikiacha kung'aa, bado pia. Iguse kwa mgongo wa kidole. Ukisikia baridi, bado mbichi. Ikiisha baridi ndiyo unaendelea."

"Nani ana muda huo?" nikamjibu.

"Mimi ninao," akasema, na wala hakuwa anajisifu.

Miezi mitatu baadaye, Shangazi, dada mkubwa wa Baba, alikuja kututembelea Jumapili kama kawaida yake. Shangazi akiingia lazima aanze na mimi. "Msanii wangu yuko wapi? Leta tuone!" Nami siku hiyo nilikuwa nimejiandaa hasa. Nilichora soko zima, watu kama thelathini, na kila mmoja nilimpa vidole vitano mkono huu na vitano mkono ule. Nilisimama na daftari langu katikati ya sebule. Shangazi akanipita. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akainama.

"Hee! Hii imechorwa na nani?"

Ilikuwa picha ya birika letu. Birika tu, lenye masizi, limekaa kwenye jiko.

"Mimi," Baba akasema kwa haya.

"Wewe? Wewe uliyekuwa unakopia picha ya mbuzi shuleni ukapigwa kwa sababu mwalimu alidhani ni kiti?" Shangazi alipiga makofi. "Jamani, hata joto lake unalisikia! Kumbe usanii wa mtoto umetoka kwako!"

Wote wakacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Lile neno la mwisho lilinichoma. Usanii wangu haukutoka kwa mtu. Ulikuwa wangu, na sasa ulikuwa unagawiwa mezani pamoja na chai. Shangazi alikuja kukumbuka soko langu wakati anavaa viatu aondoke. "Eh, na wewe umechora," akasema. "Hongera."

Nasema wazi, nilimwonea Baba wivu. Si wivu wa kununa dakika mbili ukasahau. Nilikuwa nalala nao, naamka nao, nakunywa nao chai. Akisifiwa, roho inaniuma. Akikosea, naona raha, halafu naona haya kwa sababu ya ile raha.

Kibaya zaidi, aliacha kuniambia "nzuri sana". Jioni moja nilimpa picha ya mti wa shuleni. Akaitazama muda mrefu, akaigeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga.

"Jua liko upande gani hapa?" akauliza.

"Jua lipi?"

"Kivuli cha mti kimeenda kushoto, cha benchi kimeenda kulia. Nauliza tu jua limesimama wapi."

Nilimnyang'anya daftari. Ndiyo, nilimnyang'anya baba yangu mzazi. Nilikwenda chumbani nikajitupa kitandani, nikawaza: miezi mitatu tu, na tayari ananisahihisha! Tangu siku hiyo nilianza kubaki ndani lile geti likilia.

Kisha Mama Ramani akatangaza kwamba picha sita za wanafunzi wake zitatundikwa kwenye ukumbi wa maktaba, ukumbi uleule alioupaka rangi Baba. Kila mmoja alete picha moja Jumamosi, naye angechagua. Baba hakusema mengi, lakini tulimwona. Alikuwa anaimba bombani. Alimwambia Mama, akidhani sisikii, "Nimepaka kuta za watu miaka ishirini. Hakuna hata moja niliyoweka kitu changu juu yake."

Picha aliyochagua kuchora ilikuwa ya ukuta wa uani kwetu. Mtu mwingine angechora maua. Baba alichora ukuta ule wa zamani uliobabuka, na beseni jeupe la Mama limeegemezwa chini yake. Aliichora kwa wiki mbili, kidogo kidogo. Ungeona mahali rangi ya zamani ya kijani inapochungulia chini ya ile ya krimu. Ungeona unyevu karibu na bomba. Beseni hakulipaka rangi yoyote. Aliiacha karatasi yenyewe iwe ule weupe, akaweka tu vivuli pembeni, na beseni likatokea. Mimi ningetumia rangi nyeupe. Nilipoliona lile beseni nilielewa kwamba yeye anajua kitu ambacho mimi sikijui, na nilitamani lisiwepo.

Alhamisi niliporudi kutoka shule, nilimkuta Baba nyumbani. Alikuwa amemaliza kuweka kivuli cha mwisho, kirefu, kinachoanzia kwenye beseni na kupanda ukutani. Picha ilikuwa imelazwa mezani chini ya dirisha. Mara simu yake ikaita. Mteja mmoja alikuwa analalamika kwamba doa limerudi kwenye ukuta uliopakwa rangi mwezi uliopita.

"Nakwenda mara moja," Baba aliniambia akivaa kofia. "Mama yako amepeleka sare kwa wateja. Usiiguse ile, bado mbichi. Ikikauka tu, imekwisha."

Geti likalia. Nikabaki mimi na picha.

Sikukusudia kuiharibu yote. Nataka mjue hivyo, ingawa haisaidii kitu. Nilijiambia nitaweka kosa dogo tu, tone moja, ili isiwe nzuri kupita kiasi. Nilichukua brashi yangu nyembamba, nikaichovya kwenye maji, nikaigusisha kwenye kivuli karibu na beseni.

Tone halikukaa pale nilipoliweka. Rangi ilikuwa imeanza kukauka, na maji mapya yakaisukuma nje pande zote, taratibu, mpaka likawa doa kubwa lenye kingo za menomeno. Lilikula kivuli. Likaingia kwenye beseni. Nilishtuka, nikashika pindo la sketi yangu ya shule nikafuta, na weupe wa beseni ukawa matope. Nikafuta tena, karatasi ikaanza kuvimba vinyweleo. Nikaacha. Nikaosha brashi, nikaenda kukaa mlangoni na kitabu cha hesabu, kimeshikwa juu chini kwa dakika nzima kabla sijagundua.

Baba aliporudi aliingia ndani akiwa anaimba. Wimbo ukakatika.

Nilisubiri anifokee. Hakufoka. Nilipochungulia alikuwa ameinama juu ya meza, kofia bado kichwani.

"Maji yalizidi kwenye brashi," alisema, kama anayezungumza na meza. "Nilikuwa na haraka nikajaza maji." Kisha akanigeukia. "Au wewe unaonaje, Msanii?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Labda maji yalizidi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Alichukua brashi zake tatu akaziosha, akazikausha moja moja, akazifunga kwa uzi. Akaziweka juu ya kile kiboksi cha rangi, akanipa vyote.

"Chukua wewe. Una miaka mingi mbele yako. Mikono yangu imezoea kuta."

Vile vitu nilivyovitamani miezi yote, nikawa navyo mikononi. Sikupata raha hata chembe.

Jumamosi ilifika na Baba hakwenda maktaba. Aliifua turubai yake ya kazi, akaipiga msasa ngazi ambayo haikuwa na ubaya wowote, akakaa kwenye ndoo. Mama alimuuliza picha iko wapi. "Iliharibika," akasema. "Basi chora nyingine," Mama akamwambia. "Imetosha," akajibu. "Tumecheka, tumefurahi, imetosha."

Nilijikaza. Nikatoka na daftari langu, nikampa, kama zamani. Nilikuwa nimemchorea ngazi yake. Aliishika kwa vidole viwili.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Nzuri sana."

Akanirudishia. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta. Ngazi niliichora kwa makusudi bila miguu miwili ya nyuma, na hakuona. Ndipo nilipojua kwamba nimelirudisha lile neno nililolililia, na halina kitu ndani.

Saa tisa hivi tukasikia hodi. Alikuwa Mama Ramani mwenyewe, na mwavuli kwapani na miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo, Mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Fundi wangu mgonjwa?"

Baba alimkaribisha kiti, akajiumauma, akasema kazi ni nyingi. Mama Ramani hakukubali. Alitaka kuiona picha. Baba akaitoa nyuma ya kabati, akaiweka mezani. Yule mama akavaa miwani, akainama, akaichunguza mpaka Mama akasimamisha cherehani.

"Unasema maji yalizidi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Si kweli. Maji yakizidi kwenye brashi, kivuli chote kingeteremka. Hapa kivuli kilikuwa kimetulia, kinakauka vizuri. Halafu mtu amekuja baadaye na brashi nyembamba yenye maji matupu." Aliweka kucha yake karibu na doa. "Na amefuta. Tazama, kuna nyuzi zimenata. Nyuzi za bluu."

Mama alinyanyuka, akainama naye. Mama hushona bluu ile kila siku. Alinitazama, lakini Baba aliwahi.

"Ni mimi," akasema haraka. "Nilijaribu kurekebisha. Nikafuta kwa kitambaa cha kazi."

Kitambaa cha kazi cha Baba ni fulana yake kuukuu, nyeupe, na wakati ule ilikuwa imening'inia begani mwake. Baba alijua. Alijua dakika ileile alipoona uzi, na alichofanya ni kusimama mbele yangu mtu asinione.

Sikuweza kuvumilia. Machozi yakanitoka kabla ya maneno.

"Si Baba. Ni mimi. Niliweka tone. Nilifuta kwa sketi. Halafu nikamwambia labda maji yalizidi."

Mama aliweka mkono kiunoni, na najua vizuri kinachofuata mkono ule ukifika pale. Baba akamwonyesha ishara ya kumsihi asubiri.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Nilikuwa naona wivu," nikasema. "Kuchora kulikuwa kwangu. Shangazi alinipita. Na wewe ukaacha kusema nzuri, ukaanza kutafuta makosa, jua liko wapi, jua liko wapi!"

Baba aliketi. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

"Unajua kwa nini nilishuka kwenye ile ngazi?" akasema. "Miaka saba unaniletea picha. Miaka saba nasema 'nzuri'. Sikuwa na neno jingine, mwanangu. Nilikuwa naona kuna kitu, na sijui nikuambie nini. Nikasema ngoja nami nijifunze, ili siku moja nikuulize swali la maana. Lile la jua ndilo lilikuwa la kwanza."

Nililia hasa, kilio cha kamasi. Mama Ramani alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwemo.

Baba aliningoja nitulie. Yeye anajua kungoja.

"Alhamisi niliitwa kwa yule mteja," akaendelea. "Ukuta wake una doa la unyevu. Ameshapakiwa rangi mara tatu na mafundi watatu, mimi nikiwa wa tatu. Kila mara doa linarudi. Safari hii nikabomoa plasta, nikakuta bomba linavuja ndani. Tatizo halikuwa rangi. Sasa wewe uliona wivu. Mtu anaweza kuona wivu, hata mimi nimewahi kumwonea wivu fundi mwenzangu. Lakini ulipaka rangi juu yake. Ukacheka wakati unaumia, ukakaa chumbani, na mwisho ukapaka uongo. Ungekuja ukasema, Baba, naumia, tungebomoa pamoja tukaona maji yanatoka wapi. Ingekuwa aibu ya siku moja tu."

"Na picha ingekuwa nzima," Mama akaongezea. "Kuanzia kesho, mwezi mzima, brashi zote za kazi utaosha wewe. Kwa mafuta ya taa."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile sketi pia."

Mama Ramani alifungua mwavuli wake mlangoni, akaufunga tena, akasema kama aliyekumbuka kitu kidogo, "Nimechagua picha tano. Ya sita naipokea Jumatatu asubuhi. Ukuta bado uko uani kwenu, Fundi, haujakimbia."

Baada ya kuondoka, nilikwenda chumbani nikarudi na kiboksi na zile brashi tatu, zikiwa zimefungwa kwa uzi uleule. Niliziweka mezani mbele ya Baba. Hakuzigusa mara moja. Alinitazama kwanza.

"Utanishikia maji?" akauliza.

Jumapili tuliamka mapema. Tulitoa meza uani, nami nikawa nabadilisha maji kwenye kikombe kila yalipochafuka. Baba hakuwa na wiki mbili, alikuwa na siku moja, kwa hiyo picha hii ilikuwa nyepesi kuliko ile. Aliacha mambo mengi. Beseni aliliacha jeupe, kama mwanzo. Mchana, Shangazi alifika, na kabla hajavua viatu nilimweleza kila kitu mwenyewe. Aliguna, akasema, "Mimi nami nilikupita siku ile, sikuona hata daftari." Kisha akakaa kwenye kivuli, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza nusu saa.

Jua lilipoanza kushuka, Baba aliweka kivuli cha mwisho, kirefu, kutoka kwenye beseni kwenda juu. Akaweka brashi chini. Akaangalia saa, akatafuta kofia.

"Namsindikiza shangazi yako hadi barabarani," akasema. "Mama yako yuko jikoni. Usiiguse ile, bado mbichi."

Geti likalia. Nikabaki mimi na picha, na kikombe cha maji, na brashi nyembamba imelala pembeni. Baba angeweza kuiingiza picha ndani akafunga mlango. Angeweza kumwita Mama akae. Hakufanya hivyo. Nilikaa juu ya ile ndoo, nikakalia mikono yangu yote miwili. Nzi alipokuja kuzungukazunguka, ndipo nilipoutoa mmoja nikampungia daftari aende zake. Ule mng'aro ukafifia kidogo kidogo. Sikuwahi kukaa kimya hivyo tangu nizaliwe.

Baba aliporudi hakuitazama picha kwanza. Aliniambia, "Iguse."

"Mimi?"

"Kwa mgongo wa kidole."

Niligusa pembeni pa kivuli.

"Haina baridi," nikasema.

"Basi imekwisha."

Jumatatu ikatundikwa. Nilipitia maktaba baada ya masomo nikaiona, ya sita kutoka mlangoni, juu ya ukuta ule wa krimu alioupaka mwenyewe. Watu wawili walikuwa wamesimama wakibishana kama lile beseni limepakwa rangi au la. Wivu ulikuwepo, sitasema uongo, ulinichoma kidogo palepale. Jioni nilimwambia Baba hivyohivyo, nikiwa naosha brashi zake bombani, mikono inanuka mafuta ya taa hadi kwenye kiwiko.

"Sawa," akasema. "Na mimi nimeona wivu. Mama Ramani kaniambia anga la mwenzetu mmoja darasani, mshona viatu, limeushinda ukuta wangu." Akakaa juu ya ndoo, akafuta vidole viwili kwenye suruali. "Haya, lete daftari."

Nilikuwa nimemchora yeye, amekaa palepale alipokaa. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga.

"Jua liko upande gani?"

"Nyuma ya bomba," nikajibu.

"Basi mbona ndoo yangu haina kivuli?"

Niliangalia. Kweli, haikuwa na kivuli. Nikakausha mikono, nikaenda kuchukua penseli.